Sura ya Saba: Kifaru cha Rimoti na Tope la Mkuyuni

Septemba 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts na yale ya Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck yalikuwa yakifukuzana kuizunguka milima ya Uluguru. Mji wa Morogoro ulikuwa umeshatekwa tarehe 26 Agosti, na kuanzia tarehe 7 hadi 11 Septemba risasi zililia Kisaki, kusini mwa milima. Vita hivyo vilibebwa mabegani na wapagazi. Farasi na nyumbu walikufa kwa ugonjwa wa ndorobo, na magari yakazama njiani. Siku nne tu baada ya Kisaki, tarehe 15 Septemba, Waingereza waliingiza vifaru vya kwanza vitani, huko Flers-Courcelette, kaskazini mwa Ufaransa. Vilipangwa 49. Vilivyofika mahali pa kuanzia shambulio vilikuwa 32 hivi. Vilivyobaki viliharibika au vilikwama kabla ya kukutana na adui.

Chombo kilichobuniwa ili kuvuka mahandaki na seng'enge kiliangushwa na ubovu wa mitambo na kukwama siku yake ya kwanza kazini. Tangu hapo, kila jeshi lenye vifaru limejifunza kwamba saa moja ya kuendesha huzaa saa kadhaa za kusafisha, kukaza, kupaka grisi na kukagua. Sheria hiyo haibadiliki chombo kikipunguzwa mara 16 na kuongozwa kwa rimoti na kijana aliyesimama kando ya shamba la migomba. Kifaru cha mfano kinachochezewa nje hakifi kwa tope kinalopita. Kinakufa kwa tope kinalolala nalo. Sura hii inaeleza namna ya kukizuia kisilale nalo, na mahali tulipopachagua pa kufundishia ni Mkuyuni, kwa sababu ardhi na hewa ya Mkuyuni haziachi uzembe wowote upite bila gharama.

Ardhi tunayochezea

Mkuyuni iko kwenye vilima vya chini upande wa mashariki wa Uluguru, kwenye barabara inayotoka Bigwa kupitia Kiroka kwenda Matombo, Mvuha na Kisaki. Upande huu ndio unaopokea kwanza upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa ikipanda mlima inapoa, na mvuke wake unageuka mvua. Miinuko ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Morogoro mjini, ng'ambo ya mlima, haifikishi 1,000. Ndiyo maana huku kumejaa migomba, minazi, mifenesi, michungwa, mananasi, mdalasini, iliki na pilipili manga. Na ndiyo maana tope la huku halikauki haraka.

Tope lenyewe ni la aina mbili, na kila moja huua kwa njia yake. La kwanza ni udongo mwekundu wa mfinyanzi, ule wa njia za mashambani. Hunata. Hujaza nafasi kati ya magurudumu, hujipachika ndani ya kila pingili ya mnyororo, kisha jua likitoka hukauka na kushika barabara. La pili ni mchanga wa vijito, ule unaometameta kwa vipande vya ulanga. Huo haunati lakini unapenya. Ulanga ni laini na hauna madhara makubwa. Cha kuogopa ni chembe za kwazi zilizomo. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kwazi ni 7. Chuma cha kawaida ni kati ya 4 na 5, na bushi za shaba ni kama 3. Milima hii hii ndiyo inayotoa yakuti za Matombo, jiwe ambalo ugumu wake ni 9. Kwa hiyo mchanga unaoshuka na maji kutoka juu una chembe ambazo gia yoyote ya kifaru chako haiwezi kuzihimili. Zikichanganyika na grisi kati ya meno ya gia, hufanya kazi ile ile ya msasa, na hufanya kila gia inapozunguka.

Ndani ya kifaru

Kabla ya kukilinda chombo, kijue. Chukua mfano ulio maarufu zaidi, Tiger I ya Ujerumani. Kifaru halisi kilikuwa na uzito wa tani 57, na urefu wake pamoja na mzinga ulikuwa mita 8.45. Ukiigawa kwa 16 unapata chombo chenye urefu wa sentimita 53 hivi, na kikiwa cha plastiki huwa na uzito wa kilo chache tu. Makampuni kama Tamiya ya Japani na Heng Long ya China huuza vya namna hii.

Fungua skrubu za chini, nyanyua sehemu ya juu polepole ili usikate waya, na utaona mambo matano. Kuna mota mbili, moja kwa kila upande, na kila moja ina sanduku lake la gia. Kifaru hakina usukani: kinageuka kwa kuuzungusha mnyororo mmoja kwa kasi kuliko mwingine, au mmoja mbele na mwingine nyuma. Kuna bodi ya umeme inayopokea amri za redio na kuzigawa kwa mota. Kuna betri. Kuna spika, mara nyingi imetazama chini kwenye matundu madogo. Na kuna mhimili wa kuzungusha mnara wa mzinga.

Sasa kigeuze kifaru na uhesabu matundu: ya spika, ya swichi, ya kifuniko cha betri, ya ekseli zinazotoka kwenye gia kwenda kwenye sproketi (magurudumu yenye meno yanayovuta minyororo), na mwanya mpana unaozunguka shingo ya mnara. Kila tundu ni mlango wa maji. Watengenezaji wengi walikusudia chombo hiki kitembee sebuleni au kwenye ua mkavu. Ukikipeleka Mkuyuni, ulinzi ni kazi yako.

Kabla ya kutoka

Anza na bodi ya umeme. Vijana wengi wa mchezo huu duniani hupaka bodi rangi ya kucha, ile angavu isiyo na rangi, na kinga hiyo inafaa kwa unyevu na matone. Inauzwa duka lolote la vipodozi. Safisha bodi kwanza kwa spiriti na uiache ikauke kabisa. Paka tabaka jembamba, subiri likauke, paka la pili. Usipake kwenye soketi wala pini za kuunganishia waya, kwa sababu umeme hautapita. Usipake pia juu ya transista za nguvu zinazotoa joto, wala kwenye swichi.

Matundu yasiyo na kazi yazibe kwa silikoni, lakini chagua silikoni kwa pua yako. Ile inayonuka siki inapokauka hutoa asidi, na asidi hiyo hula shaba ya waya na madini ya solda. Ndani ya chombo cha umeme tumia ile isiyo na harufu ya siki. Spika iwekee kipande cha plastiki nyembamba nyuma ya matundu. Sauti itafifia kidogo, ila karatasi ya spika itabaki kavu. Kipokezi cha redio, kama kiko peke yake, unaweza kukivisha puto na kuifunga shingo yake kwa kamba ya plastiki. Mchezo ukiisha, puto hilo livuliwe, maana hewa yenye unyevu iliyofungiwa humo hugeuka maji usiku milima inapopoa.

Ekseli ndizo ngumu zaidi kuzilinda, kwa kuwa zinazunguka na haziwezi kuzibwa. Hapo dawa ni grisi nzito iliyojazwa pale ekseli inapotoka nje ya bodi ya kifaru. Ukipata grisi ya silikoni ni bora, kwa sababu haidhuru mpira wala plastiki. Usitumie mafuta ya mgando penye pete za mpira wa asili. Mpira huo huvimba na kulegea. Grisi hii ya nje ni ya kukamatia mchanga, basi ifutwe na kubadilishwa kila baada ya mchezo. Grisi ya nje isiyofutwa inageuka ghala la kwazi mlangoni pa gia zako.

Halafu kaza minyororo, lakini kwa kiasi. Fundi pikipiki yeyote wa njia ya Matombo anajua kwamba cheni ya pikipiki huachiwa mchezo wa milimita 20 hadi 30. Cheni iliyokazwa mno hula sproketi na beringi. Iliyolegea mno huruka. Mnyororo wa kifaru unafuata kanuni hiyo. Uinue kwa kidole katikati ya juu: unapaswa kuinuka kidogo na kurudi. Kama chombo kitaingia kwenye udongo wa mfinyanzi, ulegeze kidogo zaidi ya kawaida, kwa sababu tope litakaloingia kati ya pingili na sproketi litaukaza lenyewe.

Uwanjani

Uendeshaji mzuri ni sehemu ya matunzo. Kifaru kinachogeuka papo kwa papo juu ya udongo unaonata huweka nguvu yote kwenye pingili chache na meno machache ya gia. Geuka kwa mviringo mpana. Panda mteremko ukiuelekea moja kwa moja. Ukipanda kwa ubavu, uzito unahamia mnyororo wa chini na mnyororo huo hutoka. Ukiona kimekwama na magurudumu hayazunguki, achia rimoti mara moja. Mota iliyozuiwa isizunguke huvuta umeme mara nyingi zaidi ya kawaida, na umeme huo wote hugeuka joto. Sekunde chache zinatosha kuunguza transista za bodi au kuyeyusha jino la gia la plastiki. Nenda ukakiinue kwa mikono. Hakuna aibu katika kukiinua.

Kijito kidogo kinavukika ikiwa maji hayafiki kwenye ekseli. Kama hujui kina chake, mpeleke mwenzako akayapime kwa kijiti kwanza. Na usivuke chombo kikiwa cha moto kutoka kwenye kazi nzito: hewa iliyo ndani ikipoa ghafla hupungua ujazo na kuvuta maji kupitia kila mwanya.

Adui ambaye hatajwi sana ni nyuzi. Mashamba ya Mkuyuni yamejaa majani makavu ya migomba na makumbi ya nazi, na nyuzi zake ni nyembamba na imara. Unapoendesha, uzi mmoja unanasa nyuma ya sproketi, ekseli inauviringisha, nao unaukaribisha wa pili na wa tatu. Kwa nje huoni kitu. Toa sproketi na utaona pete ngumu, ya rangi ya kahawia, imejikaza kwenye ekseli na kuisukuma bushi ndani ya ganda lake. Ukiacha hivyo, msuguano hupasha joto plastiki ya ganda mpaka tundu linapanuka, na ekseli iliyolegea huanza kupindisha gia. Kazi ya kuuondoa uzi huo ni ya dakika chache: kata pete kwa ncha ya wembe kwa urefu wa ekseli, si kwa kuizunguka, kisha vuta vipande kwa kibano. Fanya hivyo kila mara baada ya kupita chini ya migomba.

Migomba ina shauri jingine pia. Rimoti nyingi za sasa hutumia masafa ya gigahetsi 2.4. Mawimbi hayo hunyonywa na maji, na jani la mgomba ni maji mengi yaliyosimama wima. Kifaru kinachotii amri vizuri kwenye uwanja wa mpira kinaweza kusita mita chache tu ndani ya shamba lililolowa mvua. Simama mahali unapokiona chombo, inua rimoti kifuani, na hakikisha waya mfupi wa antena ndani ya kifaru haujakatwa, haujakunjwa, wala haujalazwa juu ya mota au bati. Kabla ya kila mchezo jaribu umbali. Kisha zima rimoti kifaru kikiwa kimeinuliwa hewani na mota zikizunguka, uone kama zinasimama. Zisiposimama, usikitoe nje siku hiyo.

Saa ya kwanza baada ya mchezo

Hapa ndipo uhai wa kifaru unapoamuliwa. Watu hurudi wamechoka, jua linazama, na chombo kinawekwa pembeni mpaka kesho. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa vifaru vya Tiger waliokuwa Urusi walilijua tatizo hilo. Magurudumu ya Tiger yalipangwa kwa kupishana, jingine mbele ya jingine, ili kugawa uzito. Tope na theluji viliingia katikati, usiku baridi ikavigandisha, na asubuhi kifaru cha tani 57 hakikuweza kusogea. Mkuyuni hakuna theluji, lakini jua la asubuhi linafanya kazi hiyo hiyo kwa udongo mwekundu. Mota ndogo inayojaribu kuvunja tope lililokauka ndiyo mota inayoungua.

Fuata mpangilio huu bila kuruka hatua. Kwanza toa betri, kabla hata ya kufuta mikono. Pili, toa minyororo na uitumbukize kwenye beseni la maji yenye sabuni kidogo. Tatu, ondoa tope la magurudumu kwa mswaki wa zamani likiwa bado na unyevu. Chombo chenyewe usikimwagie maji wala kukielekezea mpira wa bomba. Kisugue kwa mswaki na kitambaa kilichokamuliwa. Nne, ondoa nyuzi kwenye ekseli. Tano, futa grisi chafu ya nje na upake mpya. Sita, suuza minyororo, ikung'ute na uianike kivulini. Kama ni ya chuma, ipitishie kitambaa chenye mafuta mepesi, maana kutu ya Uluguru haisubiri juma lipite.

Ukitaka kupuliza vumbi kwa upepo wa kompresa ya fundi pancha, mwombe apulize kwanza kwenye kiganja chako. Tangi la kompresa hukusanya maji, na upepo wa kwanza mara nyingi hutoka na matone. Kisha usielekeze upepo huo kwenye beringi wala kwenye mlango wa gia: presha hiyo itausukuma mchanga ndani zaidi. Puliza kutoka ndani kwenda nje.

Vimiminika vya kuepuka ni petroli, thina na asetoni. Vifaru vingi ni vya plastiki ya ABS, na asetoni huiyeyusha. Thina na petroli huweza kuidhoofisha na kuipasua. Dawa za kupuliza za kuondoa kutu nazo zina mahali pake, ila si ndani ya sanduku la gia, kwa sababu huosha grisi na kuyaacha meno makavu. Sanduku la gia lifunguliwe baada ya kila michezo michache ya topeni. Chukua grisi kidogo na uisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi chembe, toa yote, safisha na upake upya. Kidole chako ni kipimo cha kutosha.

Kikilowa ndani

Kifaru kikitumbukia, kazi ya kwanza ni kutenganisha umeme. Zima, toa betri, na usijaribu kuwasha ili uone kama bado kinafanya kazi. Maji peke yake huharibu polepole. Maji pamoja na umeme hula njia za shaba za bodi kwa muda mfupi. Fungua chombo, mwaga maji, suuza bodi kwa maji safi ikiwa imeingiwa na tope, kisha kwa spiriti inayosukuma maji nje. Iweke penye upepo kivulini kwa siku nzima au mbili.

Wengi watakuambia ukizike kwenye mchele. Mchele hauvuti maji kuliko hewa inayotembea, na unga wake unaingia kwenye soketi na gia na kutengeneza uji. Upepo wa feni au wa dirishani ni bora. Mota nayo izungushe kwa mkono mpaka isikike nyepesi, kisha idondoshee tone moja la mafuta mepesi kwenye kila bushi yake, mbali na kaboni za ndani.

Betri na joto

Betri ndicho kifaa cha pekee ndani ya kifaru kinachoweza kuchoma nyumba, basi ipewe heshima yake. Betri za NiMH zenye seli sita hutoa volti 7.2 na huvumilia makosa mengi. Betri za lithiamu za polima ni nyepesi na zina nguvu, ila zina masharti. Seli moja ikijaa huwa volti 4.2, ikishuka chini ya volti 3.0 huharibika, na ikiwekwa bila kazi inataka kuwa kama 3.8. Simamisha mchezo mapema, kabla chombo hakijachoka. Usiichaji ikiwa bado ya moto kutoka mchezoni, usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, wala usiichaji usiku ukiwa umelala. Ichaji juu ya sakafu au tofali, mbali na pazia na godoro, na ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Iliyovimba au iliyotobolewa imekwisha kazi. Usiirudishe kwenye kifaru hata kama bado inawasha.

Vijiji vingi huchaji kwa umeme wa jua, na hilo linafaa kabisa mradi chaja iwe ile ya betri husika, inayosawazisha seli. Kuunganisha betri ya lithiamu moja kwa moja na betri ya sola ni kualika moto.

Masika na kabati

Ukifika msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, kuna majuma ambayo chombo hakitoki. Usikifungie kwenye mfuko wa plastiki; unyevu uliomo hautapata pa kwenda. Kiweke kwenye sanduku lenye matundu ya hewa, na ndani yake weka vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, kwa kuwa kazi yake ni kunyonya unyevu. Kiinue juu ya kibao ili magurudumu yaning'inie na springi zipumzike. Legeza minyororo. Betri ikae peke yake, nje ya chombo, ikiwa na nusu ya chaji.

Wadudu na wanyama nao wana mipango yao. Nyigu wa udongo hupenda kujenga ndani ya vitundu vyembamba, na mtutu wa mzinga wa kifaru ni kitundu hasa wanachokitafuta. Ziba mdomo wake kwa kipande cha sponji. Sisimizi hupenda kuingia palipo pakavu na pa giza, na panya hutafuna maganda ya waya. Fungua sanduku mara moja kwa juma, weka betri, washa chombo kwa dakika moja kikiwa juu ya kibao, sikiliza gia, zima, toa betri, rudisha.

Faida ya kazi hii

Kuna watakaosema kwamba haya yote ni mengi mno kwa mchezo. Ninaamini kinyume chake. Kijana anayejua kukaza mnyororo wa kifaru ameshajifunza cheni ya pikipiki. Anayeelewa kwa nini mota iliyozuiwa huungua atailinda pampu ya maji ya shamba la baba yake. Anayeheshimu volti 3.0 za seli hatoiua betri ya sola ya nyumbani kwao kwa kuikausha kila usiku. Watoto wa kwetu wametengeneza magari ya waya na makopo kwa vizazi vingi, na mafundi wengi walianzia hapo. Kifaru cha rimoti ni hatua inayofuata kwenye ngazi hiyo hiyo, ila ni chombo cha bei, na vipuri vyake havipatikani gulioni. Gia ikivunjika Mkuyuni, jibu liko Kariakoo kama una bahati, au liko nje ya nchi.

Kwa sababu hiyo mzazi au mjomba anayeleta kifaru cha zawadi alete pamoja nacho mswaki, kopo la grisi, bisibisi ndogo na saa moja ya kukaa chini na mtoto. Na wewe mwenye kifaru ambacho bado kina tope la Jumapili iliyopita, weka kitabu hiki chini sasa hivi, toa betri, ukisafishe leo.